Nani kahamia, nani kahamishwa, nani "kapisha"? Siasa ya Dodoma ndani ya vitenzi vitatu

Ukikaa Dodoma hata mwezi mmoja utavisikia vitenzi hivi vyote. Serikali imehamia Dodoma. Wazee fulani walihamishwa miaka ya sabini. Na kwenye taarifa za barabara au majengo mapya utakutana na "wananchi waliopisha mradi". Kote ni watu na mizigo yao kutoka hapa kwenda pale. Sasa jaribu kubadilisha: "Serikali imehamishwa Dodoma." Inakwaruza sikio, si ndiyo? Anayehamia ana nia na mpango wake, anayehamishwa ana bosi. Na anayepisha? Huyo tumempa heshima ya ajabu, kama kijana anayempisha mzee kiti kwenye daladala. Aliyemwambia ainuke hayumo kwenye sentensi.

Hapo ndipo nadharia ya diskosi inapoingia. Diskosi ni namna nzima ya kutaja mambo, pamoja na ramani, fomu, sheria na mihuri inayoambatana nayo, mpaka jambo moja linaonekana la kawaida na jingine halifikiriki. Michel Foucault wa Ufaransa alitaka kujua nani anaruhusiwa kusema akasikilizwa kama mjuzi. Mwaka 1985 Ernesto Laclau wa Argentina na Chantal Mouffe wa Ubelgiji walisogeza hoja mbele: neno hupata maana kutokana na majirani zake, majirani hao hubadilika, na sehemu kubwa ya siasa ni ugomvi wa nani akae karibu na neno gani.

Najua swali linalokuja: kwani njaa nayo ni maneno tu? Hapana. Wagogo waliipitia Mtunya, njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na waliokufa walikufa kweli. Lakini tazama inavyosimuliwa. Ukisema "ukame", mkosaji ni mbingu. Ukisema kwamba majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikagoma, tayari kuna watu wa kuulizwa. Simulizi ya kwanza ndiyo iliyowafaa watawala, na Ugogo ukabaki na sifa ya nchi ya njaa. Nchi ya njaa, bila shaka, inahitaji mtu wa kuiokoa.

Sifa hiyo haikuondoka na wakoloni. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akishiriki kazi na wanakijiji. Neno la kutazama hapa ni "kutawanyika". Watu wanaishi kwa kutawanyika, ilisemwa, kwa hiyo hawafikiwi na maji, shule na zahanati. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Ila mtu hatawanyiki mpaka awepo wa kumtazama kutoka katikati. Kwa mwenye tembe lake, penye malisho ya ng'ombe na shamba lake, katikati palikuwa hapohapo. Mvua ya nyanda hizi hunyesha kwa kuchagua, huku ipo, kule hakuna, na kuachana nafasi kulikuwa na akili yake. Akili hiyo haikuwa na jina kwenye lugha ya operesheni.

Kisha ukaja mwaka 1973. TANU iliamua makao makuu yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma. Novemba mwaka huohuo Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka mmoja, mahamio mawili. Serikali ilipewa kuhamia, ikajichukulia zaidi ya miaka arobaini. Mkulima alipewa kuhamishwa, naye hakusubiriwa.

Mwaka huo pia iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na ardhi ya eneo la mji mkuu ikawa mikononi mwake. Hapo ndipo lilipokolea neno ambalo mimi naona ni kali kuliko yote: mvamizi. Mtu ambaye babu yake amezikwa nyuma ya nyumba anaweza kuwa mvamizi, kwa kuwa ramani imechorwa na yeye hana namba ya kiwanja. Hakusogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliosogea ukampita. Malalamiko ya ardhi yalijaa mpaka Mei 2017, Rais Magufuli alipoivunja CDA, kazi zake zikaenda halmashauri, na hati za miaka 33 zikaagizwa zibadilishwe kuwa za miaka 99.

Neno lililobeba hatua za namna hiyo lilikuwa "wanyonge". Laclau angefurahi. Machinga, mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye kesi ya kiwanja hawana dai moja, lakini neno moja liliwakusanya wakawa upande mmoja. Na kila upande unahitaji wa ng'ambo, ndipo tukasikia "mafisadi" na "mabeberu". (Huku kwetu beberu bado ni mbuzi dume, tena mwenye bei nzuri.) Tatizo ni kwamba aliyeuliza swali gumu naye alisukumwa kwa mabeberu kirahisi.

Diskosi haielezi kila kitu. Makao makuu yalichelewa kwa sababu fedha hazikuwepo: vita vya Uganda vya 1978–79, bei ya mafuta, uchumi kuyumba. Nadharia hii itakuonyesha kwa nini wazo lilibaki hai bila fedha, lakini haitakupa hesabu ya saruji.

Ukitaka kuijaribu, huhitaji vitabu vingi. Chukua tangazo lolote kuhusu Mji wa Serikali wa Mtumba, barabara ya mzunguko au uwanja wa ndege wa Msalato. Pigia mstari kila kitenzi, halafu andika pembeni mtendaji wake. Ukifika kwenye "wamepisha", utaona pembeni pako tupu. Andika hapo: nani aliwaambia, walilipwa nini na lini, na leo wanalima wapi.