Saa tatu za Mbarara: Wafanyabiashara wa Nakivale wanapovuta kiti na kuagiza

MBARARA, Uganda

Mfanyabiashara anayetoka Nakivale kwenda Mbarara kufunga mzigo hutumia siku nzima kwa kazi ambayo, ukihesabu saa za kununua tu, haizidi asubuhi moja. Anaamka kabla ya alfajiri, anabanana na wenzake ndani ya gari la abiria, anakula vumbi mpaka Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro, ndipo anapopata lami ya kumfikisha jijini. Ni kilomita 60 hivi. Saa nne yuko madukani, saa saba mzigo umefungwa. Gari la kurudi haliondoki mpaka lijae. Basi hizo saa mbili tatu zilizobaki, anazifanyia nini?

Jibu la zamani lilikuwa kukaa juu ya gunia lake stendi, chapati mkono mmoja na mkono mwingine umeshika mfuko wa pesa. Wapo bado wanaofanya hivyo, na hatuwacheki. Lakini ukipita katikati ya jiji Jumamosi mchana utawaona wengine: marobota yameachwa dukani kwa mwenye mali, na mwenyewe ameingia hotelini, ameosha mikono, anasoma bei ukutani bila haraka. Mama wa vitenge kutoka Kivu, Msomali mwenye duka la vyakula, Mrundi wa dagaa. Wanakula kama watu waliotoka.

Ukurasa huu kwa kawaida hukuletea ushuru, bei ya dola na foleni za Mutukula. Leo tule kwanza.

Jiji la maziwa

Mbarara lilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini bado lina tabia ya mji wa wafugaji. Ukiingia unapokewa na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, na mnyama huyo utakutana naye tena na tena mezani. Eneo hili ni kitovu cha maziwa nchini Uganda, kwa hiyo starehe ya kwanza ya jiji, na ya bei nafuu kuliko zote, ni kibanda cha maziwa. Unaagiza glasi ya maziwa moto, au ya mgando ambayo hapa huitwa bongo, pamoja na andazi au chapati. Mnyarwanda akikaa hapo hahitaji kuelezwa kitu, kwao ni vilevile. Mtu wa Mwanza au Bukoba atashangaa kidogo kuona wanaume wazima wamekaa kwa heshima mbele ya glasi za maziwa kama wengine wanavyokaa mbele ya bia, kisha ataagiza ya pili.

Chakula cha mchana chenyewe ni matoke, na matoke ya hapa yanatoka jirani tu. Isingiro ni wilaya ya migomba, na malori yake yanailisha Kampala. Utapata katogo asubuhi, ndizi zilizopikwa chungu kimoja na matumbo au maharage. Jioni moshi wa muchomo unapanda kando ya barabara, nyama ya mbuzi kwenye vijiti, na ndizi ya kuchoma pembeni. Anayetafuta halali ataziona hoteli za Waislamu zenye pilau na birika la maji ya kunawa mlangoni. Mwenye haraka kuna rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai na kabichi, chakula ambacho Uganda imekifanya chake kiasi kwamba abiria hukinunua kupitia dirisha la basi.

Ila ukiwa na siku moja tu, na pesa kidogo ya kujipa, nenda Igongo. Kituo hiki cha utamaduni kiko Biharwe, kilomita kama 12 kutoka Mbarara ukielekea Masaka, kando kabisa ya barabara kuu, hivyo hata anayekwenda Kampala na mzigo anaweza kushuka. Kina makumbusho ya maisha ya watu wa Ankole na kina meza ya kula. Agiza eshabwe. Ni mchuzi mweupe, mzito, unaotengenezwa kwa samli iliyokaa, maji baridi na chumvi ya mawe, ukapigwa mpaka ukawa kama krimu. Haupikwi motoni. Zamani ulikuwa wa harusi na wageni wakubwa, na huliwa na akaro, ugali wa wimbi. Wa kwanza kuonja hukunja uso. Mpe matonge matatu.

Pale pale Biharwe kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua, tukio ambalo masimulizi ya eneo hili yanaliunganisha na vita vya mfalme wa Bunyoro, na ambalo wataalamu wameliwekea mwaka 1520. Jeshi lilishinda, likateka ng'ombe, jua likazima mchana, likakimbia na kuacha mateka. Ni hadithi nzuri ya kusimuliana wakati chakula kinasubiriwa, hasa ukiwa na mtu aliyewahi kuacha mzigo mpakani.

Meza iliyo kinyume

Sasa niseme jambo ambalo watu wa Mbarara huenda wasilipende. Kwa aina za vyakula, meza pana zaidi kusini magharibi mwa Uganda haiko jijini. Iko Nakivale.

Makazi haya yalianza miaka ya mwisho ya 1950, Watutsi wa Rwanda walipoanza kukimbia machafuko ya kwao, na leo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Watu wake wanazidi 150,000: Wakongo, ambao ndio wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo 2022, Somalia 2024. Wananchi wa nchi hizo walikuwa wamekwisha kuuziana unga, mafuta na simu hapa Nakivale muda mrefu kabla marais hawajatia saini.

Tembea Base Camp siku ya soko. Upande wa Wasomali kuna chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, sambusa za moto, wali wa nyama ya mbuzi ambao hauletwi bila ndizi mbivu pembeni. Mgeni huiacha ile ndizi akidhani ni ya baada ya chakula. La, unaimenya na kuila pamoja na wali. Kwa Waethiopia kuna injera, na kahawa inayokaangwa mbele yako, ikapondwa na kuchemshwa kwenye chungu chembamba shingo. Usimharakishe anayeipika, kahawa hiyo huja kwa awamu tatu na kuondoka baada ya ya kwanza si adabu. Kwa Wakongo kuna sombe, ugali wa muhogo na samaki. Sombe hiyo Mnyarwanda anaiita isombe, Mtanzania anaiita kisamvu, na wote watatu wataapa kwamba mama zao ndio wanaojua kuitwanga. Samaki wanatoka ziwa Nakivale lenyewe: ngege, ambaye Watanzania tunamwita sato, kambare na kamongo.

Viungo vyote hivyo ni biashara ya mpakani, msomaji wetu anajua. Mchele huenda umevuka kutoka Tanzania, dagaa kutoka maziwa makubwa, pasta imepita Mombasa na Kampala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochapisha utafiti wao kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda mwaka 2014 walifika Nakivale pia, na walichokikuta si watu waliokaa kusubiri mgao. Walikuta minyororo ya biashara inayotoka makazini, inapita Kampala na kwenda nje ya nchi. Kila sahani pale ina barua zake za forodha, hata kama mlaji hazioni.

Na hapa ndipo starehe inapogusana na jambo zito. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliwaondoa takriban watu milioni 1 kwenye msaada wa chakula nchini Uganda. Mgao ulipopungua, hakupungukiwa mpokeaji peke yake. Aliyekuwa anauza kilo mbili za mahindi ya mgao ili anywe chai na kuzungumza na watu, hana tena cha kuuza. Mama wa mikate anapika beseni moja badala ya mawili. Hoteli ndogo ya makazini inaishi kwa shilingi za watu wenye kidogo sana, na kidogo hicho kinapokauka, kinachokufa kwanza ni kikombe cha chai cha mchana.

Ndiyo maana naona mteja kutoka nje ana uzito wake. Raia wa Uganda wa vijiji vya jirani huingia masokoni Nakivale kila siku kununua na kuuza, lakini wa jijini huja akiwa na kazi ya shirika, anakula chakula alichofungiwa hotelini Mbarara, anaondoka jioni. Wewe uliyefuata maharage au mahindi huko Isingiro, kula pale. Sahani moja ya wali kwa Msomali haitamaliza tatizo la mgao, lakini ni mauzo, na mwenye hoteli anaijua hesabu ya mauzo kuliko mtu yeyote.

Vuli ya huku

Vitabu vya shule vinatufundisha kwamba vuli ni majira ya Ulaya ambapo majani hugeuka rangi na watu hupanda treni kwenda kuyatazama. Pwani yetu vuli ni mvua. Na Mbarara ni mvua pia: kuanzia Septemba mpaka Novemba vilima vya Isingiro, vilivyokuwa kahawia Julai na Agosti, vinarudi kijani, vumbi linatulia na hewa ya asubuhi inataka sweta. Katikati ya msimu huo kuna tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, siku ambayo maduka mengi ya jumla hupunguza kasi. Kwa anayetafuta siku ya kutoka bila kupoteza biashara, ndiyo hiyo.

Aende wapi? Jirani kabisa kuna hifadhi ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Hakuna tembo, na simba ni kumbukumbu tu, lakini pundamilia wako wengi mpaka wanavuka na kulisha pamoja na ng'ombe wa watu. Twiga waliletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, au kupanda mashua kutazama viboko. Na kuna jambo moja ambalo mtu wa Nakivale angependa kulijua: maji ni yaleyale. Mto Rwizi unaopita Mbarara hulisha mfumo mmoja wa maziwa na vinamasi, Mburo na Nakivale ndani yake, na mfumo huo uliorodheshwa mwaka 2006 chini ya mkataba wa Ramsar. Mtalii anayelipa kuutazama mwisho mmoja wa maji hayo, mwisho mwingine kuna mtu anayaosha vyombo vyake.

Raia wa Jumuiya hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya dola wanazotozwa wageni wa mbali, kwa hiyo kitambulisho cha taifa au pasipoti uwe nayo mfukoni. Mkimbizi naye abebe kitambulisho chake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa uhuru wa kutembea na kufanya kazi, lakini sheria iliyoko Kampala haikusaidii sana ukiwa umesimamishwa barabarani mikono mitupu.

Wanaokwenda Kigali kupitia Katuna wana bahati nyingine. Mpaka ule ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022, na miaka hiyo mitatu Kabale iliisikia. Leo ukifika Kabale ukiwa na nusu siku mkononi, ziwa Bunyonyi liko kilomita chache tu kutoka mjini. Panda mtumbwi. Agiza kamba wa ziwani, ndio sifa ya pale. Kisiwa kidogo chenye mti mmoja ndicho walichotupwa zamani mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa, na mabaharia wa mitumbwi hukisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hesabu ya chakula

Kuna wanaoona haya yote ni anasa. Mtaji wa kukopa, mtoto anadaiwa ada, wewe unaagiza nyama? Hoja hiyo haipuuzwi, hasa kwa mwenye mtaji wa boksi mbili. Lakini tazama ni nani anayeambiwa hivyo. Mwanamume akikaa kwenye muchomo na wateja wake, anaitwa mtu wa watu. Mwanamke wa vitenge akikaa peke yake na sahani, anaulizwa mumewe yuko wapi. Wanawake wengi wa mpakani wamepata dawa yake: wanakwenda watatu wanne, wanachanga nauli, wanachanga chakula, na pale mezani ndipo wanapopeana bei za Arua, za Bukavu, za Bujumbura. Katika safari za kazi yangu hii, habari nyingi za soko nimezisikia kwenye meza kama hizo kabla hazijafika ofisi yoyote.

Cha kuzingatia ni mfuko. Pesa ya chakula itenge asubuhi, kabla hujaingia duka la kwanza, kwa sababu baada ya duka la tatu haitakuwepo. Mzigo uuache kwa aliyekuuzia na risiti ubaki nayo. Na msimu huu wa mvua muulize dereva kwanza saa ya kuondoka: barabara ya kutoka Kabingo ikilowa, magari ya Nakivale hayangoji jioni, yanaondoka saa tisa hata kama viti viwili viko wazi.