Kosa la Hesabu au la Lugha?

Mzazi mmoja wa hapa Kisumu aliniletea daftari la bintiye wa Gredi ya 7, limejaa wino mwekundu, akaniuliza: "Mwalimu, huyu ana kichwa cha hesabu kweli?" Mimi kazi yangu ni isimu, si hesabu. Hata hivyo nililisoma. Swali moja lilitaka namba fulani ipunguzwe kwa tatu. Kiingereza cha swali kilitanguliza tatu, namba ikafuata. Naye binti akafuata mpangilio wa maneno, akaandika 3 − x badala ya x − 3. Hilo ni kosa la sarufi.

Aljebra imo katika Gredi ya 7, darasa lililoanza nchini Januari 2023, na maneno ndiyo mlango wake. Nyumbani binti huyu husema Kijaluo, lugha ambayo namba zake zimekwisha kujumlishwa: ndani ya auchiel (sita) na abiriyo (saba) mna achiel na ariyo, yaani moja na mbili, juu ya tano. Nani amewahi kumwonyesha? Sera yetu huiruhusu lugha ya eneo kufundishia hadi Gredi ya 3 tu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla mwanao hajakokotoa, mwambie akueleze swali kwa lugha ya nyumbani. Akikwama, mpelekee mwalimu wake neno lililomkwaza, si alama.

Binti yule alilisema swali upya kwa Kijaluo, akacheka, akafuta. Mamake alikuwa keshaanza kumtafutia mwalimu wa ziada.