KABLA YA KUPASULIWA, ULIZA!

Wengi wetu tukishalazwa hospitalini tunanyamaza kabisa. Tunasema, "Daktari ndiye anajua." Ni kweli, amesoma. Lakini daktari ni mtu, na mtu huchoka. Kumwuliza swali si kumkosea heshima.

Kumbukeni yaliyotokea Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, Februari 2018. Mgonjwa mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, akahitaji operesheni. Mwingine alikuwa na uvimbe tu, hakuhitaji kupasuliwa. Majina yao yakachanganywa, na huyu wa pili ndiye aliyefunguliwa kichwa. Saa kadhaa zilipita ndipo madaktari wakaona hakuna damu iliyoganda. Kosa halikuanzia kwenye kisu. Lilianzia kwenye jina.

Makosa mengine ni kupasua upande usio na ugonjwa, kusahau kitambaa au chombo ndani ya mwili, na kumpa mgonjwa dawa isiyopatana naye.

Je, yanazuilika? Ndiyo, mengi yanazuilika. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla ya operesheni, wakati inapoendelea na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Kabla ya orodha, wagonjwa kama 15 katika kila 1,000 walikufa. Baadaye wakawa kama 8. Hakikununuliwa chombo cha ajabu. Watu waliulizana tu.

Wewe nawe ufanye nini?

1. Usiende peke yako. Nenda na mtu wa nyumbani anayejua habari zako.

2. Kila ukiulizwa jina, litaje lote, hata kama ni mara ya kumi. Soma kitambulisho cha mkononi. Kikiwa na makosa, sema papo hapo.

3. Uliza: Nitapasuliwa wapi, na kwa nini? Kuna hatari gani? Kuna njia nyingine? Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa lugha unayoijua.

4. Kama ni mguu, mkono au jicho, omba upande huo uwekwe alama ukiwa bado macho.

5. Sema dawa zote unazotumia, hata miti shamba, na dawa iliyowahi kukudhuru.

6. Ukiambiwa usile, usile. Na kama umekula, sema ukweli. Ukiwa umelazwa usingizi wa dawa, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

7. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, omba karatasi inayoeleza ulivyofanyiwa. Ukiona homa, usaha, tumbo kuvimba au maumivu yanayozidi, rudi upesi. Usingoje siku ya kliniki.

Ukiona umekosewa, anza kwa msimamizi wa hospitali. Usiposikizwa, unaweza kuandikia Baraza la Madaktari, Nairobi. Tunza karatasi zako zote, kwani maneno matupu hayatoshi.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

- Ni nani kati yetu aliyewahi kutia sahihi bila kuelewa? Kwa nini hakuuliza?

- Mgonjwa akiwa hana mtu, kikundi chetu kitamchagua nani wa kumsindikiza?