Bia nayo huzeeka: umri wa kreti ni fedha ya mfanyabiashara

WAFANYABIASHARA wa vinywaji, hasa wale wa jumla wenye kuweka mali nyingi ghalani, huangalia mambo mawili wanapopokea bia kutoka kwa wakala: bei ya kreti na idadi ya chupa zilizovunjika. Jambo la tatu, ambalo mara nyingi ndilo huamua kama faida itabaki mfukoni, husahauliwa. Jambo hilo ni tarehe iliyochapwa kwenye chupa, pamoja na mahali ambapo bia hiyo italala hadi siku ya kuuzwa.

Bia si misumari. Tangu inapotoka kiwandani ladha yake huanza kushuka, na mwendo wa kushuka hutegemea aina ya bia, joto la ghala na rangi ya chupa. Anayejua tofauti hizo hununua kwa kiasi kinacholingana na mauzo yake. Asiyezijua hujikuta na kreti zilizokaribia tarehe, akiziuza kwa bei ya kutupa au akizipoteza kabisa.

Kinachoizeesha bia

Kwanza ieleweke kwamba bia ya kiwandani iliyozeeka haigeuki sumu kama nyama au maziwa yaliyooza. Kilevi, uchungu wa hopsi, hali ya uchachu na gesi iliyomo huzuia vijidudu vya maradhi kustawi ndani yake. Kinachopotea ni ladha, na mnywaji anayelipia chupa moja baada ya nyingine huitambua haraka.

Adui wa kwanza ni hewa. Kiasi kidogo cha oksijeni kinachobaki chini ya kizibo wakati wa kujaza chupa huendelea kufanya kazi polepole, na baada ya muda bia huwa na ladha ya boksi lililolowa maji.

Adui wa pili ni joto, ambalo huharakisha kazi hiyo. Wauzaji wa bia nchini Marekani hutumia kanuni ya 3, 30 na 300: siku 3 katika nyuzi joto 32 za Selsiasi huizeesha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Hii ni kanuni ya makadirio wala si kipimo cha maabara, lakini inaonyesha ukubwa wa hasara.

Adui wa tatu ni mwanga. Jua likipiga chupa, uchungu wa hopsi hubadilika na kutoa harufu mbaya ambayo Wamarekani huifananisha na ya mnyama wa jamii ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na chupa nyeupe haizuii karibu chochote. Kopo na pipa havipitishi mwanga kabisa. Ndiyo maana kreti za chupa za kijani au nyeupe zilizopangwa barazani kama pambo la duka huharibika mbele ya macho ya mwenyewe, wakati mwingine kwa dakika chache tu za jua kali.

Kila aina na umri wake

Vinywaji vya asili ndivyo vyenye umri mfupi kuliko vyote. Mbege ya Kilimanjaro, inayotokana na ndizi na ulezi, hunywewa siku ile ile au inayofuata, kwa sababu huendelea kuchacha ndani ya chombo. Wauzaji wake wanalijua somo hili kuliko mtu yeyote: hupika kwa kadiri ya wateja walio nao.

Chibuku na bia nyingine nzito za nafaka ziko katika kundi hilo hilo, kwa kuwa hufungwa zikiwa bado zinachacha. Mwaka 2012 kampuni ya Delta ya Zimbabwe ilitoa Chibuku Super, ambayo hupashwa moto kuua hamira na kuongezwa gesi. Umri wake ukawa siku 21, ilhali ile ya kawaida hudumu kwa siku zipatazo 5. Kwa kuongeza wiki mbili tu, kinywaji kilichokuwa cha jirani kiliweza kusafirishwa hadi miji ya mbali. Hapo umri wa bidhaa ulipanua soko lenyewe.

Bia ya pipa hufuata. Pipa lisilopashwa moto kiwandani hudumu kama siku 45 hadi 60 likiwa kwenye ubaridi, na lililopashwa moto hufikia miezi mitatu au minne. Likishafunguliwa hesabu hubadilika. Linalosukumwa kwa gesi ya kaboni hukaa wiki kadhaa, bali pipa la eli ya Kiingereza linaloingiza hewa ya kawaida hubaki na siku tatu hivi. Mwenye baa asiyeweza kumaliza pipa katika muda huo ni heri abaki na chupa.

Laga ya chupa, ambayo ndiyo bia kuu katika masoko ya Afrika Mashariki, hupashwa moto wa nyuzi zipatazo 60 ikiwa ndani ya chupa. Viwanda vingi duniani huipa umri wa kati ya miezi 6 na 12. Hata hivyo, umri huo ni uamuzi wa kiwanda pia. Nchini Marekani, Budweiser ilianza mwaka 1996 kuandika tarehe ya kuzaliwa kwa bia kwenye chupa, na ikawatangazia wanywaji kwamba ni bora inywewe ndani ya siku 110.

Bia zenye hopsi nyingi, kama IPA zinazotengenezwa na viwanda vidogo, huonekana ngumu lakini huzeeka upesi. Harufu ya hopsi, ambayo mnywaji anailipia bei ya juu, ndiyo ya kwanza kuondoka, na wengi wanaozitengeneza hushauri zinywewe kabla ya miezi mitatu. Tangu mwaka 2012, kiwanda cha Stone cha California kimeuza IPA yenye siku ya mwisho ya kunywa kama jina lake, umri wake ukiwa siku 37.

Stauti na bia zenye kilevi kingi husimama vizuri zaidi. Guinness ya kusafirishwa nje ina asili yake katika bia iliyoanza kupikwa Dublin mwaka 1801 kwa jina la West India Porter, iliyoongezwa hopsi na kilevi ili ivumilie safari ndefu ya merikebu. Kimea kilichokaangwa na kilevi kikubwa huificha dalili ya uzee ambayo laga nyepesi haiwezi kuificha.

Mwisho kabisa ziko bia zinazotafutwa zikiwa na umri. Watawa wa Orval, Ubelgiji, huipa bia yao miaka 5, kwa kuwa hamira hai iliyomo chupani huendelea kuibadilisha. Kiwanda cha Cantillon cha Brussels huandika miaka 20 kwenye bia yake kali ya aina ya gueuze. Sheria ya Umoja wa Ulaya haidai tarehe kwa kinywaji chenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi. Lakini hilo ni soko la wachache wenye vyumba vya baridi, na mfanyabiashara wa laga asilitumie kujifariji.

Ghala la pwani

Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, tarehe ya chupani haielezi yote. Kiwanda hupanga tarehe kwa kutarajia bia itahifadhiwa vizuri. Ghala la mabati lisilo na dari, katika miezi ya Desemba hadi Machi, hupita nyuzi 32 mchana kwa urahisi. Kreti iliyolala humo kwa wiki sita yaweza kuwa na tarehe nzuri kabisa na bado ikawa imechoka kuliko kreti ya miezi sita iliyokaa mahali pa baridi.

Aidha, kuna imani kwamba bia ikishaingia kwenye friji haifai kutolewa tena. Imani hiyo haina msingi. Kutoka na kuingia kwenye friji peke yake hakuiharibu bia. Kinachohesabika ni jumla ya siku ilizokaa kwenye joto.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa muuzaji wa jumla aliyenunua kreti 200 kwa shilingi 40,000 kila moja, bila kuhesabu thamani ya chupa na kreti tupu ambazo hubaki mkononi mwake. Mtaji wake ni shilingi milioni 8. Akipata faida ya shilingi 2,000 kwa kreti, zikiuzwa zote atavuna shilingi 400,000.

Sasa kreti 10 tu zikipita tarehe, ambazo ni asilimia 5 ya mali, atapoteza shilingi 400,000 za mtaji, ilhali kreti 190 zilizouzwa zimemletea faida ya shilingi 380,000. Kazi yote hiyo inaishia kwenye hasara ya shilingi 20,000, kabla ya kodi ya ghala, mishahara na usafiri.

Hesabu hii inawahusu hasa wanaohodhi bia kabla ya bajeti. Kila Juni, bajeti zinaposomwa, wapo wanaojaza maghala wakitarajia ushuru wa bidhaa kupanda na bei pamoja nao. Katika mfano wetu, anayenunua kreti 200 mwezi Aprili na kuuza Julai baada ya bei kupanda kwa shilingi 1,500 atapata nyongeza ya shilingi 300,000. Lakini mtaji huo huo, kama wateja wapo, ungezungushwa mara moja tu katika miezi hiyo na kuleta shilingi 400,000. Ukizungushwa mara nne, ni shilingi milioni 1.6. Serikali isipopandisha ushuru, aliyehodhi hubaki na mali iliyozeeka miezi mitatu na fedha iliyolala.

Mwenye kuchukua mali kauli naye asijione yuko salama. Deni halizeeki pamoja na bia. Siku ya kulipa ikifika, wakala anataka fedha yake kamili.

Kuna pia mkono wa sheria. Chakula au kinywaji kilichopita tarehe hukamatwa na kuteketezwa. Kwa Tanzania, kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Muuzaji anayefuta tarehe au kubandika lebo mpya anahatarisha leseni yake kwa ajili ya kreti chache.

Somo kwa mwenye hisa

Wawekezaji wadogo wenye hisa za kampuni za bia, kama TBL iliyoorodheshwa Dar es Salaam tangu mwaka 1998 au EABL ya Nairobi, nao wana la kujifunza. Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Boston Beer ya Marekani, mtengenezaji wa Samuel Adams. Mwaka 2021 ilizalisha kwa wingi kinywaji chake cha Truly, ambacho ni chepesi, chenye gesi na kilevi kinachotokana na sukari, ikitarajia mauzo yaendelee kupaa. Mauzo yalipopungua kasi, kinywaji kilibaki maghalani kikizeeka.

Mwezi Julai 2021 bei ya hisa ya kampuni hiyo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 25 katika siku moja. Mwanzilishi wake, Jim Koch, alieleza kwamba mamilioni ya katoni yangeharibiwa kuliko kumfikishia mteja kinywaji kilichochakaa. Hesabu za robo ya tatu ya mwaka huo zilionyesha gharama za moja kwa moja zilizopita dola milioni 100. Kilichowaumiza wenye hisa ni mali iliyokuwa na umri, iliyotengenezwa kama vile haina.

Mwenye hisa hahitaji kuingia ghalani kulijua hili. Katika taarifa ya mwaka, achukue thamani ya bidhaa zilizo ghalani, aigawe kwa gharama ya mauzo ya mwaka, kisha azidishe kwa 365. Ghala la shilingi bilioni 50 na gharama ya mauzo ya bilioni 600 ni kama siku 30. Taarifa ikitenganisha malighafi na bia iliyokamilika, aangalie bia iliyokamilika. Siku hizo zikiongezeka mwaka hadi mwaka huku mauzo yakisimama, ni ishara ya kuuliza swali kwenye mkutano mkuu.

Hatua za kuchukua

Kwa muuzaji wa jumla na rejareja, hatua zenyewe hazina gharama kubwa. Asome tarehe kabla ya kutia saini hati ya kupokelea mali, na akatae kreti zenye umri mkubwa. Apange mzigo ili ulioingia kwanza utoke kwanza, si mpya mbele kwa kuwa ndio uko karibu na mlango. Kreti zisiguse ukuta unaopigwa na jua la mchana, na ghala liwe na matundu ya kupitisha hewa. Bia za chupa za kijani na nyeupe zikae ndani zaidi, penye kivuli.

Kwa upande wa ununuzi, laga inayotoka haraka inunuliwe ya wiki mbili hadi nne. IPA na bia nyingine za bei ya juu zinunuliwe chache na mara kwa mara, hata kama wakala anatoa punguzo kwa mzigo mkubwa. Stauti inaweza kungoja kidogo.

Zaidi ya yote, kila mzigo uandikwe: siku ulioingia, tarehe ya chupani na siku ulioisha. Baada ya miezi michache daftari hilo litamwonyesha mwenye duka ni bia ipi inayomlisha na ni ipi inayomla. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.