Sa'id Mmoja, Karatasi Tatu

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za mgao na foleni ya maji, tuzungumze juu ya komputa. Kina mama msigeuze ukurasa. Jambo hili linawahusu nyinyi zaidi kuliko hao vijana.

Jirani yangu mmoja ni mzaliwa wa Kudhaa, kisiwa chetu kule kusini ya Kismayo. Alikimbia na wazazi wake mwaka 1991 akiwa msichana mdogo, akakaa kambi ya Jomvu karibu na Mombasa mpaka kambi zile za pwani zilipofungwa. Mwaka jana nduguye aliye Uingereza alimpelekea laptopu ya mkono wa pili. Furaha ilikuwa kubwa nyumbani, maana mtoto wake wa kwanza alikuwa anataka kuandika maombi ya kuungana na babake. Huyo mtoto tumwite Sa'id, jina ambalo halikosi katika kijiji chochote cha Wabajuni.

Kijana akakaa kitako, akaanza na jina lake. S, a, kisha akabonyeza ile alama ya juu. Kimya, hakikutoka kitu. Akabonyeza i, ikatoka Saíd, i yenye mkwaju kichwani badala ya nukta. Akafuta, akarudia, ikawa vilevile. Nyanyake akasema hiyo laptopu ina jini, irudishwe ilikotoka. Mwishowe kijana akachoka, akaiacha hivyo hivyo na barua ikaenda.

Sasa hesabu nasi. Kwenye karatasi ya usajili ameandikwa Sa'id. Kwenye karatasi ya zamani, aliyoandikiwa na karani Msomali, ni Siciid. Na kwenye maombi ni Saíd. Yakaja majibu: tafadhali tueleze, hawa ni watu watatu au mmoja? Mpaka mambo yakanyooka imepita miezi minne. Baba yuko ng'ambo anangoja, mama yuko hapa halali.

Hakuna jini. Laptopu haijui kilichochorwa juu ya vibonyezo vyake. Inafuata mpango ulio ndani, na mpango huo waweza kubadilishwa. Ile laptopu iliwekewa mpango unaoitwa United States-International, ambao umetengenezwa kwa wanaoandika Kihispania, Kireno, Kifaransa na lugha nyingine zenye alama juu ya herufi. Ndani ya mpango huo alama ya juu haitoki papo hapo. Inangoja herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu, inaipanda kichwani. Ndiyo maana ng'ombe anakuwa ngómbe, Mas'ud anakuwa Masúd, na Ma'alim anakuwa Maálim. Ukiwa na haraka kuna dawa ya muda: bonyeza alama, kisha kile kibonyezo kirefu cha nafasi, ndipo uandike irabu. Lakini nani atakumbuka kila mara?

Dawa yenyewe ni kubadilisha mpango. Kwanza tazama kibonyezo cha namba 2. Kama juu yake pamechorwa @, kibodi yako ni ya Kimarekani. Kama pamechorwa alama za kunukuu, na juu ya 3 pana alama ya pauni, ni ya Kiingereza cha Uingereza. Hiyo ya jirani yangu ilikuwa ya Uingereza lakini ndani ikijidhani ya Marekani, basi hata anwani ya barua pepe ilikuwa taabu. Ukitafuta @ pale ilipochorwa unapata alama ya kunukuu, na barua haiendi popote.

Kwenye Windows 10 na 11 fungua Start, kisha Settings, kisha Time & language. Ingia palipoandikwa Language, au Language & region. Kando ya jina la lugha bonyeza vile vinukta vitatu au neno Options, mpaka uone Keyboards. Bonyeza Add a keyboard, uchague United Kingdom au US kulingana na kile ulichokiona kwenye namba 2. Ule mpango wa International uondoe baadaye, si kabla. Nasema baadaye kwa sababu neno lako la siri kama lina @ ndani yake, kibonyezo chake kitahama, na unaweza kufungiwa nje ya laptopu yako mwenyewe. Fungua ukurasa mtupu kwanza, andika neno la siri mahali unapoliona kwa macho, ujue kila alama imehamia wapi, kisha ulifute. Ukiwa na mipango miwili, shika kibonyezo cha Windows pamoja na cha nafasi, itabadilika. Pale chini karibu na saa utaona jina la mpango ulio nao.

Majirani zetu Wakongo na Warundi wao wana kisa kingine, maana wengi wamezoea kibodi ya Kifaransa, ambayo A imekaa mahali pa Q, na M iko kando ya L. Mpango huo ukiwekwa juu ya vibonyezo vya Kiingereza, ukiandika "mama" unapata ,q,q. Laptopu za Ujerumani nazo zimebadilishana Z na Y, kwa hiyo "zaidi yake" inakuwa "yaidi zake". Dawa ni ile ile.

Lakini kibodi ikishatengenea, bado liko swali la jina lenyewe, na hapa mashine haina lawama. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972. Katika maandishi hayo x ni ha ya Hassan na c ni ile aini ya Omar na Ali. Hivyo mtu mmoja ni Hassan Omar Ali kwa karani wa Mombasa, na Xasan Cumar Cali kwa karani wa Kismayo. Komputa ikitafuta jina moja hailioni la pili. Kisiwa chetu nacho kina mkasa huo huo: ramani moja yasema Kudhaa, nyingine Kudai, nyingine Kuday. Chovai na Tovai ni pamoja, Chula na Tula ni pamoja. Afisa ambaye hajafika huko atajuaje?

Ushauri wangu, kila fomu fuata herufi kwa herufi ile karatasi yako ya usajili, hata kama unaona karani alikosea. Usijirekebishie mwenyewe kimyakimya. Kama kosa ni kubwa, omba lirekebishwe kwa maandishi. Kama una karatasi zenye majina tofauti, andika mstari mmoja kwenye barua: "Siciid na Sa'id ni mtu mmoja, ni mimi." Na msishtuke mkiona pasipoti imekula alama. Ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine haichukui alama hiyo kamwe. Sa'id pale huwa SAID, na ni sawa.

Wazee wameniuliza, je, sisi tulioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu chuoni? Inawezekana. Lakini kibodi ya Kiarabu ya kawaida haina herufi ya p wala ya ch. Ongeza ile ya Kiajemi, iitwayo Persian, ina zote mbili na g pia. Kwa v tumieni fa, kama walivyofanya wengi zamani.

Jirani yangu laptopu yake sasa inaandika vizuri. Nyanya bado anaiangalia kwa jicho la pembeni, lakini juzi alimwagiza mjukuu aandike barua kwa jamaa walioko Kismayo, akakaa karibu yake akimhesabia majina, moja baada ya moja, na kila jina akitaka alionyeshwe kwenye kioo kabla ya kwenda kwa la pili.