Fahamu: Bima ya afya ya mtoto baada ya talaka Kenya

Wazazi wakiachana, nani hulipia matibabu ya mtoto?

Sheria inasemaje
Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja matibabu, pamoja na chanjo, miongoni mwa mahitaji ambayo mzazi lazima ayatimize. Talaka huvunja ndoa tu, si wajibu huo.

SHA
Tangu Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya umma inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Makato hufuata kipato, si idadi ya watoto, hivyo kumsajili mtoto hakumwongezei mzazi gharama. Mtoto asiposajiliwa kwa sababu ya ugomvi, yeye ndiye anayeumia.

Mvutano hutokea wapi
Kwenye bima binafsi, ambako kila mtegemezi huongeza ada, na kwenye gharama ambazo bima hailipi. Wazazi wanaweza kuandikiana makubaliano. Wakishindwa, mahakama ya watoto hutoa amri ya matunzo kwa kuangalia kipato cha kila mmoja. Kwa hiyo mgawanyo si lazima uwe nusu kwa nusu.