Ifahamu Kumbukumbu ya Flashi Inayotunza Nyaraka Zako

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi hivi sasa huhifadhi nakala za vyeti, hati na picha za familia katika simu, kadi za kumbukumbu na vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye kompyuta, maarufu kama flashi. Vifaa hivyo vyote hutumia teknolojia moja, na kuielewa humwepusha mtumiaji na hasara ya kupoteza taarifa muhimu.

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na mhandisi wa Japani, Fujio Masuoka, akiwa katika kampuni ya Toshiba, na kutangazwa kwa wataalamu mwaka 1984. Jina lake lilitokana na mmweko wa kamera, kwa kuwa kumbukumbu hiyo hufutwa kwa mafungu, kwa mkupuo mmoja.

Ndani ya chipu mna mabilioni ya vyumba vidogo mno. Wakati wa kuandika, nguvu ya umeme husukuma elektroni zipenye tabaka jembamba la kizio na kunaswa ndani ya chumba. Wakati wa kufuta, huondolewa. Kifaa husoma taarifa kwa kupima iwapo chumba kina elektroni au la. Kwa kuwa elektroni hubaki zimenaswa hata umeme unapozimwa, taarifa hazipotei. Aidha, hakuna sehemu inayozunguka, hivyo chipu hiyo hufaa kwa simu, kamera, kompyuta mpakato na visimbuzi vya televisheni.

Hata hivyo, teknolojia hii ina mipaka. Kila tendo la kuandika na kufuta huchakaza kizio, na elektroni huvuja polepole, hasa kwenye joto kali. Kwa sababu hiyo, flashi iliyoachwa kabatini kwa miaka mingi si ghala la kutegemewa.

Vilevile, kufuta faili mara nyingi huondoa tu kumbukumbu ya mahali lilipo; yaliyomo huweza kufufuliwa na mtu mwingine. Kabla ya kuuza au kugawa flashi iliyobeba taarifa binafsi, kumbuka kuwa kubonyeza kitufe cha kufuta hakutoshi.

Mwananchi anashauriwa kutunza nakala za nyaraka zake katika vifaa viwili au zaidi, kuiagiza kompyuta iachie flashi kabla ya kuichomoa, na kuendelea kuhifadhi nyaraka halisi mahali salama.